Papa Cirhuza na korongo la avenyu yetu

Placide aliponileta Kadutu, hapa Bukavu, kama bibi yake, kitu cha kwanza alichonionyesha hakikuwa kitanda wala jiko. Kilikuwa korongo.

"Usimwage maji huku," aliniambia. "Udongo iko inakatika. Papa Cirhuza akikuona, atakugombeza mpaka utarudi kwenu."

Nikachungulia. Nyuma kidogo tu ya jiko letu kilima kilikuwa kimepasuka, udongo mwekundu mtupu mpaka chini, na huko chini muzee mmoja mwenye koti ya jeshi isiyo na vifungo alikuwa amepiga magoti akisuka matete kati ya miti ya mianzi aliyosimamisha. Akainua kichwa.

"Ni huyu bibi wa Placide?"

"Ni yeye, Papa."

"Karibu, maman. Nyumba yako njo itaanguka ya kwanza."

Akaendelea kusuka. Nilimwangalia Placide ili nijue kama hayo yalikuwa matani. Placide naye alikuwa ananiangalia mimi. Ndivyo nilivyojuana na Papa Constantin Cirhuza, na mpaka leo nikimfikiria nasikia vilevile: kama mtu aliyeambiwa jambo na hajui acheke au aogope.

Maisha yake nayajua vipande vipande. Alikuwa anayasimulia akifanya kazi, na kazi ikimkatiza hakurudi pale alipoachia. Alizaliwa upande wa Kabare, pale mashamba yanapoishia na msitu wa Kahuzi unapoanza. Baba yake alikuwa mwindaji. Yeye mwenyewe alijua mnyama amepita zamani au sasa hivi kwa kugusa jani lililovunjika, alijua uyoga wa kula na uyoga wa kuua, na alikuwa anaweza kulala nje katika mianzi, mvua ikinyesha, akaamka nguo kavu. Alipokuwa kijana Wabelgiji wakaja kutafuta watu wa jeshi, na chifu akamtoa yeye. Wakaenda mpaka Abisinia, kupigana na Waitalia. Siku moja nilimuuliza aliua Waitalia wangapi.

"Waitalia?" Akacheka. "Maman, mimi nilibeba kipoyi, kile kitanda cha kubebea bagonjwa. Batu balikuwa banakufa na tumbo, na njaa. Muitalia nilimuona wakati alikuwa tayari mufungwa, na yeye alikuwa na njaa kama mimi. Nikamukatia biskuti yangu."

"Sasa mulishinda ao hamukushinda?"

"Balituambia tulishinda."

Baada ya jeshi alitembeza Wazungu milimani, wale wa kuwinda na wale wa kutazama tu. Wakati mersenere, wale askari wa kukodiwa, walipoingia Bukavu, mimi nikiwa mtoto bado, alipitisha watu wa avenyu nzima nyuma ya vilima mpaka Nyangezi, wazee mgongoni, bila kutumia njia ya motokari hata kidogo. Halafu Serikali ikaufanya msitu kuwa parke, ikakataza mkuki na mitego. Papa Cirhuza akapandisha mkuki wake juu ya dari. Lakini miguu yake hakuna aliyeikataza. Alikuwa anapotea siku kadhaa, halafu unamuona anashuka njia ya Kabare na fungu la mianzi kichwani, anasalimia kila mtu kama aliyetoka sokoni.

Mianzi hiyo ilikuwa ya korongo. Kazi ya korongo hakuna aliyempa. Nyumba yake haikuwa hata karibu nalo. Yeye na bibi yake, Maman Eulalie, walikaa juu kabisa, mahali pakavu. Alisema tu kwamba alipita siku moja, akaona maji yanavyokimbia, akaona hayafai kuachwa peke yake.

"Maji ni kama nyama ya pori," alinieleza. "Ukimusimamia mbele, atakupanda juu. Umuchokeshe. Umuwekee kizuizi kidogo hapa, kidogo pale, kidogo pale. Akifika chini hana tena nguvu, na udongo alioiba ameiachilia."

Basi alisuka vile vizuizi vya mianzi na matete, kimoja chini ya kingine, na nyuma ya kila kimoja alipanda matete mabichi yashike mizizi. Kila Jumamosi asubuhi alisimama juu ya jiwe akapiga filimbi aliyotoka nayo jeshini. Aliyetaka alikuja. Aliyekuwa na kazi yake alipita akisema "Papa, leo hapana," naye akajibu "Haya, kesho ingine." Tulikuwa wanawake wengi, watoto, na wanaume wachache. Alituamrisha kwa Lingala ya kambini, "Noki! Noki!", yaani upesi, kama sisi ni batayo ya askari, na sisi tulimpigia saluti kwa mikono yenye udongo. Maman Eulalie alileta maharagi na viazi vitamu. Ilikuwa kazi, lakini pia ilikuwa kama sikukuu.

Noëlla wangu alipotaka kuzaliwa mvua ilikuwa imeharibu njia, hakuna motokari iliyoweza kupanda. Papa Cirhuza alisikia nikilia. Akaja na kipoyi na wanaume wengine, akashika mbele upande wa kushoto, na tukashuka. Udongo wa Kadutu ukilowa ni sabuni. Watu wenye viatu walianguka, yeye alikwenda peku na hakuteleza. Nakumbuka sauti yake: "Maman, usiniangalie mimi, angalia ziwa." Nikaangalia ziwa kule chini. Noëlla alizaliwa mchana huo. Basi mnaelewa mimi nilikuwa upande gani.

Halafu salongo ikaja, kazi ya lazima ya Serikali.

Waliozaliwa juzi watafikiri salongo ilikuwa siku zote. Haikuwa. Ilitangazwa, na tangu hapo Jumamosi ikawa ya kila mtu kutoka na jembe, upende usipende. Chef wa avenyu yetu alitafuta mtu wa kuita watu. Akaona kuna muzee, askari wa zamani, ambaye tayari ana filimbi na tayari anaita watu Jumamosi. Akamfuata nyumbani.

Maman Eulalie alituambia baadaye walivyoongea.

"Citoyen Cirhuza, weye utakuwa kapita wa salongo, utaita batu na kubasimamia."

"Batu batakuja bote?"

"Bote. Ni sheria."

"Hata banaume?"

"Banaume njo wa kwanza."

Maman Eulalie alisema bwana yake hakulala vizuri siku ile, kwa furaha. Alikuwa anahesabu mikono. Kwa mikono hiyo yote angemaliza korongo kabla ya mvua kubwa.

Jumamosi ya kwanza watu walikuja kweli, avenyu nzima, majembe begani. Papa Cirhuza akapiga filimbi, akatuelekeza korongoni. Chef akafika.

"Munaenda wapi? Njia kubwa! Kuko mugeni atapita njia kubwa."

Tukafagia njia kubwa. Jumamosi iliyofuata tukapaka mawe ya kando chokaa. Iliyofuata tukakata majani ambayo tayari yalikuwa mafupi. Mgeni hakupita, au alipita sisi tukiwa tumeshaenda nyumbani, sijui. Papa Cirhuza alisimama kati yetu na filimbi yake, anatazama upande wa korongo kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Watu walianza kukwepa. Filimbi ikilia, milango inafungwa kwa ndani, watoto wanazibwa midomo, unasikia kimya cha watu wengi waliojificha. Colette, jirani yangu, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, alimpa jina jipya. "Papa Salongo huyo anapita," alisema kwa sauti ya kusikika. "Muingize kuku, atabaandika nabo." Watoto walewale waliompigia saluti sasa walimfuata wakiiga filimbi kwa midomo.

Placide hakupenda salongo tangu mwanzo. Siku tano anabeba magunia kwenye depo, Jumapili ni ya Mungu, na Jumamosi ndiyo aliyokuwa amejiwekea kupumzika mgongo. Jumamosi moja hakwenda. Jumatatu wakamfuata kazini, wakamtia kasho ya polisi. Alitoka kesho yake ndevu zimeota, harufu mbaya nguoni, na hakutaka kumshika mtoto.

"Ni muzee wako," aliniambia.

"Muzee wangu nani?"

"Wa kipoyi. Yeye njo alinitaja. Policier alinisomea: Cirhuza alisema hukukuja."

Nikasema haiwezekani. Nikasema mara nyingi, mpaka nikajisikia ninasema kwa sababu nataka iwe hivyo. Mwisho nikamfunga Noëlla mgongoni, nikapanda juu kwa Papa Cirhuza. Alikuwa uani anachonga mianzi.

"Papa, ni weye ulimutaja Placide?"

Kisu kikasimama. "Ni mimi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kukana, sikuwa nimejitayarisha kwa hilo.

"Kwa nini, Papa?"

"Baliniuliza nani hakuja. Placide hakuja."

"Si ungenyamaza!"

"Ningenyamaza," alisema, kama mtu anayeonja neno. "Nilifikiri batamufuata bamuambie: Placide, kuja. Jeshini ilikuwa hivyo. Mutu hayuko kwenye mustari, unasema hayuko, banaenda kumutafuta, pengine iko mugonjwa, pengine alianguka njiani. Ukinyamaza, mutu anakufa kule nyuma peke yake." Akaanza tena kuchonga, akaacha. "Sikufikiri kasho. Mama Noëlla, haki ya Mungu sikufikiri kasho. Ao nilifikiri kidogo? Sijui tena."

Maman Eulalie alitoka na kiti, akanisukumia. Sikukaa. Niliondoka bila kuaga, na njiani kushuka nilikuwa na hasira, halafu huruma, halafu hasira tena kwa ajili ya ile huruma. Mtu aliyenibeba na aliyemfunga bwana yangu alikuwa na mikono ileile. Ningempenda kwa mkono gani nimchukie kwa mkono gani?

Nyumbani Placide akauliza: "Amekana?"

"Hapana."

"Njo unaona." Akafurahi, na kufurahi kwake kukaniumiza zaidi.

Papa Cirhuza alikwenda kwa chef kurudisha ukapita. Chef alimwambia kazi ya taifa hairudishwi kama chupa tupu. Basi akaenda msituni. Watu wakasema amekimbia. Colette akasema amekwenda kuwatia sokwe kwenye salongo. Alipotokea tena kwenye njia ya Kabare na mianzi kichwani, hakuna aliyemwitikia salamu isipokuwa wazee wawili wasioona vizuri. Akashuka moja kwa moja korongoni, katikati ya juma, peke yake.

Na korongo halikuwa limetungoja. Miezi ile yote tuliyofagia njia kubwa, vile vizuizi vya juu vilikuwa vimeoza, na mvua ya kwanza ya Septemba iliondoa viwili. Ukingo ulisogea. Jiko letu, ambalo nyuma yake ningeweza zamani kuanika nguo, sasa lilikuwa na nafasi ya kupita kuku tu. Nilimwonyesha Placide. Alitazama.

"Tutaweka mawe," alisema.

"Wewe na nani?"

Papa Cirhuza alikuwa chini pale, tunamuona kichwa tu, anasuka. Placide akaingia ndani. Usiku nilihamisha kitanda cha Noëlla ukuta wa mbele, na asubuhi nikakuta Placide amekisogeza mbele zaidi.

Mvua yenyewe ilikuja siku ya Mungu, baada ya misa. Tulikuwa tumekula, Placide amelala, mimi nachambua mboga. Mbingu ikawa nyeusi upande wa Kahuzi, ziwa likageuka rangi ya chuma, halafu ikamwagika. Mvua ya Bukavu mnaijua: husikii tena mtu aliye kando yako.

Lakini filimbi nikaisikia.

Placide akakaa wima kitandani. "Hata siku ya Mungu!"

Nje, katikati ya mlio wa mabati, nikasikia mlango wa Colette unafungwa, tapu! Na wa jirani mwingine. Na mwingine. Juma lile walikuwa wametuita hata Jumatano, kwa ajili ya mgeni mwingine, kwa hiyo kila mtu alifikiri ni yaleyale. Placide akaruka, akatia komeo. "Kaa kimya. Nyonyesha mutoto."

Filimbi haikukoma. Haikuwa ile ya Jumamosi, ndefu na ya madaraka. Ilikuwa fupi fupi, inakatika katika, kama kitu kinachonyongwa. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao za dirisha la nyuma. Korongo lilikuwa limejaa. Maji mekundu yalikuwa yanakuja na mawe, na kizuizi kilicho chini ya jiko letu kilikuwa kimepinda kama upinde. Na Papa Cirhuza alikuwa amekiegemea kwa mgongo, maji kifuani, miguu ameipachika kwenye ukingo wa pili, filimbi mdomoni kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mianzi.

"Placide, muzee iko ndani ya maji."

"Atoke."

"Akitoka sisi tunakwenda na maji."

Placide akaja akachungulia. Nilimuona uso wake. Hakuwa mtu mbaya, bwana yangu. Alikuwa anakumbuka kasho na wakati huohuo anamuona muzee, na vile vitu viwili vilimzuia mlangoni kama mbuzi wawili wanaotaka kupita pamoja. "Na kama kuko policier nyuma?" akasema. "Na kama ni mutego?"

Nilimfunga Noëlla mgongoni, nikafungua mlango mdogo wa jiko, nikatoka kwenye mvua. Nilitaka kuita majina. Nilimwita Colette, sauti yangu haikufika hata kwenye mgomba. Nikaita tena. Milango yote imefungwa, na nyuma ya kila mlango najua kuna watu wamekaa kimya wakizuia pumzi, kama sisi. Ukuta wa jiko ukatoa mlio, sufuria zikaanza kushuka moja moja. Papa Cirhuza akapotea chini ya maji, akatokea, akapotea.

Hapo mikono yangu ikapanda kichwani yenyewe, na kilio kikatoka.

Kile kilio. Cha kufiwa. Kila mwanamke wa kwetu anacho tumboni tangu akiwa mtoto, na hakitoi ila mbele ya maiti. Sikukichagua. Kilitoka kirefu, kikapasua mvua, Noëlla akashtuka akalia pamoja nami, nikakitoa tena.

Na milango ikafunguka. Yote. Kwa filimbi watu hujificha, lakini kwa kilio cha kufiwa hakuna anayebaki ndani, hata mgonjwa, hata aliyegombana nawe, kwa maana kesho ni zamu yako kulia. Colette alikuja akikimbia, kitenge amekishika kwa meno. "Yoo wee! Ni nani? Ni mutoto? Ni Placide?" Wanaume wakaja peku. Placide mwenyewe akatoka mbio, macho makubwa, akanishika mabega: "Nani alikufa? Nani?" Alikuwa mita chache tu kutoka kwangu tangu mwanzo, na bado aliuliza.

Nikanyoosha kidole.

Wakamuona Papa Cirhuza, kichwa kimelala juu ya matete, hasogei. Kilio kikapokelewa na wanawake wote pamoja, na wanaume wakashuka kumtoa maiti. Maiti ikafungua macho.

"Mawe," ikasema. "Noki! Mulete mawe!"

Watu wakatazamana, kama walio kanisani waliokosea kusimama. Halafu Colette akapiga kelele: "Munangojea nini? Hamukusikia mufu iko anaomba mawe?"

Tukafanya mstari kutoka njiani mpaka korongoni, mawe yakapita mkono kwa mkono, hata yale yaliyopakwa chokaa. Papa Cirhuza hakukubali kutolewa mpaka waingie wengine wanne kushika mahali pake. Shimo kwenye kizuizi lilikuwa bado linavuta maji. Nikamuona Placide anarudi nyumbani, nikafikiri basi, amekata tamaa. Akatoka na mlango wetu mgongoni, komeo bado liko juu yake. Akaulaza kwenye lile shimo, wakaujaza mawe nyuma.

Jiko likaenda, na sufuria, na kuku mmoja. Nyumba ikabaki.

Mvua ilipokoma, ndipo yalipoanza mambo ambayo sijayaelewa. Maman Eulalie alikuwa Katana, ametembelea dada yake. Alifika jioni ile, na kule chini barabarani watu walishamwambia bwana yake analiliwa. Alipanda kilima akijitupa chini kila baada ya hatua, kitambaa kichwani kimeanguka. Alimkuta amekaa mlangoni kwetu, pasipo mlango, amevikwa blanketi, anakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Akamtazama. Akamzaba kofi. Halafu akamkumbatia, halafu kofi lingine.

"Ni nani alinilia?" Papa Cirhuza akauliza.

Wote wakanitazama.

Mama wa Placide, ambaye alikuwa amekuja na wengine, hakucheka. "Mutoto," aliniambia pembeni, "kilio habatupi hewani. Kiko kinatafuta mutu wake. Umemuitia nani?" Nikasema sikumwitia mtu, niliita watu. Akatikisa kichwa. Wanawake wengine wakasema nimefanya vizuri, walewale kesho yake wakasema nisirudie. Padri niliyemuuliza alisema si dhambi, lakini alisema baada ya kufikiri sana.

Juma lilipoanza chef akaja na policier. Alitaka kujua nani alikusanya watu bila ruhusa na kwa nini mawe ya njia kubwa yako korongoni. Akamgeukia Papa Cirhuza.

"Citoyen, weye ni kapita. Nani alikuwa hapa?"

Papa Cirhuza alikohoa kwanza. Kikohozi hicho kilianza siku ileile ya mvua. "Chef, maji ilikuwa mingi machoni," alisema. "Sikuona mutu."

"Hata mumoja?"

"Hata mumoja. Nafikiri mawe ilikuja yenyewe."

Colette aligeuka akauma kitenge. Placide alikuwa ananiegemea, na nilisikia tumbo lake linatetemeka kwa kicheko. Baadaye akashuka korongoni bila kuitwa, akawa anashuka kila Jumamosi baada ya salongo, na Papa Cirhuza akimfundisha kusuka. Hawakuongea juu ya kasho hata siku moja. Wanaume wanajua kufanya hivyo. Mimi sikuweza. Nilitaka kumuuliza muzee: kama leo umeweza kutoona, mbona siku ile uliona? Lakini kila nilipomkaribia alinipokea mtoto, akamuonyesha mlima, akamwambia majina ya ndege, na swali langu likayeyuka.

Kikohozi hakikuisha. Kilimchukua msimu mzima wa mvua, kikamkondesha. Hakwenda tena Kahuzi. Alikaa juu ya jiwe lake akituamrisha kwa mkono. Matete yakashika mizizi, yakawa marefu kuliko Noëlla. Nami nilikuwa namtazama, nahesabu moyoni kikohozi chake, nikisikia lile neno la mama mkwe. Wengine waliniambia ni baridi ya maji, mwenye miaka yake angekohoa hata bila mimi. Najua. Bado namtazama Mungu kwa wasiwasi ninapokumbuka.

Alikufa mwaka jana, mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, asubuhi yenye vumbi na jua. Maman Eulalie alitoka uani, akaweka mikono kichwani, akalia.

Milango ikafunguka. Watu wakapanda mbio kutoka kila upande, Colette mbele, Placide nyuma yake, na mimi na mtoto mgongoni. Na kila mtu alikuwa na kitu mkononi: jembe, beleshi, karai, Placide alikuwa na fungu la mianzi. Tulifika uani tukihema.

"Wapi?" Colette aliuliza. "Maman Eulalie, udongo imekatika wapi?"

Maman Eulalie alitutazama, akayatazama majembe, na kwa muda kidogo hakuelewa. Halafu alisogea kando ya mlango, akatuachia nafasi ya kuingia. Tukabaki tumesimama, hakuna aliyejua aweke wapi alichoshika.